Kibudu Nilichokisomea Bismillahi

Vijana wa machinjioni, mmenitumia mtu mara mbili mkitaka niwaandikie habari za kazi ya kisu kama ilivyokuwa zamani. Mara ya kwanza nilikataa. Mimi ni mtu wa darasa la nne, na hata hilo la nne sikulimaliza vizuri. Nikiandika ukurasa mmoja, nusu yake naifuta. Mara ya pili nilikuja mwenyewe kuwatazama, na nilichokiona ndicho kilichonikalisha na kalamu.

Nilimwona mmoja wenu, jina nalihifadhi, akimkata fahali kwa kisu butu. Alikwenda na kurudi shingoni mara tano, kama anayekata kamba ya mkonge. Mwenzake alipomkemea alicheka, akapangusa kisu kwenye suruali, akasema, "Mola ni Ghafuru." Nanyi mkacheka naye.

Nisimwonee. Pengine alikuwa amechoka, pengine jiwe la kunolea lilikuwa limepotea; hata letu la zamani lilipenda kupotea. Tena alichosema ni kweli. Mola ni Ghafuru, mwingi wa kusamehe, na ni Ghaffari anayesamehe tena na tena, na ni Tawwabu anayepokea kila arudiye, na ni Afuu anayefuta hata alama isibaki. Lakini mjinga yule aliitumia sifa ya Mungu kupangusia uvivu wake. Niliwadharau siku ile nyote mliocheka. Naiandika dharau hiyo hapa muisome, halafu nitawaonyesha kwamba mtu wa kwanza kuistahili ni mimi.

Nilizaliwa upande wa Nyakoe, nyumba ya Wasabato. Mama yangu, Moraa, aliimba mstari wa mbele kanisani. Miaka michache baada ya uhuru nilishuka Kisii mjini nikapata kazi ya kuchuna ngozi. Wachunaji, nyinyi nanyi nisikieni: ngozi huchunwa kwa ngumi. Kisu ni cha kufungulia tu, mstari mmoja tumboni na minne miguuni. Baada ya hapo unaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, dole gumba limefichwa ndani, unasukuma kwa uzito wa bega. Mchunaji anayetegemea kisu anatoboa ngozi, halafu anasema ng'ombe alikuwa na kupe.

Siku hizo tulizikausha ngozi chini, tumezipigilia vigingi kwenye nyasi, jua la mchana likizichoma mpaka zinakuwa kama bati. Halafu akaja bwana mmoja wa serikali akatuambia tuziwambe kwenye fremu za miti, kivulini, zining'inie. Tulimcheka wiki nzima. Mimi ndiye niliyemwuliza kama na mito yake huilalia ikiwa imening'inia. Ngozi zake zilitoka laini, safi, bila kuoza upande wa chini. Alikuwa sawa, mimi nilikuwa mpumbavu, na sikuwahi kumwambia.

Sasa niwaeleze desturi ambayo nyinyi mmeikuta tu kama mlivyoikuta barabara. Wenye mabucha karibu wote walikuwa Wakristo. Wanunuzi, wengi sana, Wakristo. Lakini mkata shingo ilikuwa lazima awe Mwislamu. Mjini palikuwa na Wanubi, Wasomali, Waswahili, na mwenye bucha hakutaka kumfukuza mtu mlangoni. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili niliichelewa kuielewa. Akina mama wa Kikristo nao walikuwa wanauliza, "Nani amechinja?" Wakiambiwa ni Mzee Farajala, wananyoosha kikapu. Dini yake haikuwahusu. Walichokuwa wanasema moyoni ni kwamba mtu anayemwogopa Mungu kwa jambo dogo kama koo la ng'ombe hatawalisha kibudu, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe. Kisu cha Mwislamu kilikuwa ahadi. Kumbukeni neno hilo mnapocheka.

Mzee Farajala alikuwa Mnubi, mrefu, mkavu, mwenye kofia ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Alikuwa na ulimi mkali kuliko kisu chake, na kisu chake kilinyoa malaika ya mkono. Ndivyo alivyokijaribu kila asubuhi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa hauna nywele hata moja. Alinifundisha kwamba kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Mnyama mmoja hamtazami mwenzake akikatwa. Unamlaza taratibu, ubavu wa kushoto, unataja jina la Mungu, unakata mara moja. Nilipomwuliza kwa nini tujisumbue hivyo kwa kitu kitakachokuwa mchuzi, aliniambia kwamba yeye mwenyewe siku moja atalazwa chini na hatapenda aliyemshika awe na haraka.

Nilisilimu mikononi mwake mwaka wa tatu. Hapa lazima niandike kwa uangalifu, maana swali hili nimelifuta kwenye madaftari yangu mara nyingi. Je, nilimfuata Mungu au nilikifuata kisu? Mchinjaji akishakata huenda kunawa na kunywa chai. Mchunaji hubaki na mavi na utumbo. Nilikuwa najua hilo siku natamka shahada. Lakini pia nilikuwa nimemtazama Farajala miaka miwili, jinsi alivyosimama kidogo kabla ya kukata, kama mtu anayebisha hodi. Niseme vyote viwili vilikuwamo. Mama alipopata habari aliniuliza kama Waislamu wanakula nguruwe. Nikamwambia hawali. Akasema, "Afadhali."

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Farajala aliniachia kisu wiki moja akaenda Kendu kwenye msiba, akaniambia tu kwamba shingo ielekee Makka. Mimi nikajiuliza Makka ni wapi. Waislamu wametoka Mombasa, nikawaza, kwa hiyo Makka lazima iko nyuma ya Mombasa. Wiki nzima niliwageuza ng'ombe wakaelekea Mombasa. Aliporudi akawakuta wamelala hivyo, akasimama mikono kiunoni.

"Yusufu, hawa wanakwenda kuogelea?"

Nilipomweleza hesabu yangu alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Akanionyesha upande wa barabara ya Kisumu, akasema kutoka hapa Makka iko njia hiyo, Kisumu halafu nyoosha. Niliogopa sana kwamba nimewalisha watu haramu wiki nzima. Akaniambia nisijifanye mkubwa. Asiyejua amesamehewa, aliyesahau amesamehewa. Hata ulimi ukisahau Bismillahi bila kusudi, nyama inaliwa. Mungu hakukaa juu kutuvizia kama askari wa leseni. Hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Sasa naona kwamba nililisikia nusu. Nilisikia kwamba Mungu anasamehe. Neno "asiyejua" lilipita sikioni kama upepo.

Sasa tufike kwenye fahali.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwezi wa kumi na mbili, wakati watu wamerudi nyumbani kutoka Nairobi na mashamba ya chai ya Kericho. Mzee Farajala alikuwa amelala wiki ya tatu na kifua. Kisu kilikuwa changu peke yangu. Palikuwa na mwenye bucha mmoja wa Nyakoe aliyeitwa Onchari, mtu wa maneno mengi na hazina nzuri ya vichekesho, na wanunuzi walimpenda. Fahali wake alikuwa ametembezwa kwa miguu kutoka upande wa Wamaasai, siku mbili, bila maji ya kutosha. Asubuhi saa moja niliingia zizini nikamkuta amelala na shingo imenyooka vibaya.

Mchinjaji hujua. Unagusa jicho kwa ncha ya kidole. Jicho la mnyama aliye hai, hata akiwa anakufa, litapepesa. La huyu halikupepesa. Niliinua mkia, ukaanguka kama kamba.

"Amekufa," nilimwambia Onchari.

"Gusa tumbo, Yusufu. Hii ng'ombe bado iko na joto."

Nilimwambia joto si uhai, hata chungu kina joto. Akanishika kiwiko, akanivuta pembeni. Alinieleza kwamba nyama ile ilikuwa imeshaahidiwa. Mama Kemunto wa Nyakoe alikuwa anapokea wakwe kesho yake, watu wanakuja kuposa binti yake, na yeye Onchari hakuwa na fahali mwingine. Hayo yalikuwa kweli, sitamnyima haki yake. Alikuwa na hofu usoni, na hofu yenyewe haikuwa yote ya tumbo lake. Halafu, alipoona nasitasita, akatabasamu.

"Mungu wenu mnamwita msamehevu kila siku hapa hapa. Leo amekataa kazi? Kata, utamwomba baadaye."

Ningependa kuwaandikia kwamba nilikasirika. Sikukasirika. Neno lile lilinipendeza. Nilijiambia Onchari amesema kweli bila kujua, kwamba rehema ya Mungu ni pana kuliko zizi, kwamba nitatubu adhuhuri. Nilipanga toba yangu kabla ya dhambi, kama mtu anayeandaa maji ya kunawa. Nikamgeuza mzoga kuelekea Kisumu. Nikatamka Bismillahi, Allahu Akbar, herufi kwa herufi, vizuri kuliko siku zote. Nikakata.

Damu ya mnyama hai huruka, nyekundu, na usipokaa vizuri inakupiga kifuani. Hii ilitoka polepole, nyeusi, nzito kama uji wa wimbi. Mchunaji aliyefuata alipofungua ngozi akaona mishipa imejaa damu na nyama imekolea wekundu kwa ndani. Alinitazama, akatazama chini, akaendelea na ngumi zake. Mkaguzi wa nyama alifika amechelewa, peke yake, na ng'ombe kumi na moja wananing'inia. Akapiga muhuri. Simlaumu; aliamini kisu kama kila mtu.

Mchinjaji alikuwa na fungu lake, shingo. Kwa kuwa Farajala alikuwa mgonjwa, kila siku nilimpelekea shingo ya mnyama mmoja nyumbani. Siku hiyo Onchari mwenyewe aliikata shingo ya fahali wake, kubwa, yenye mafuta, akaifunga kwa jani la mgomba, akanipa mbele ya watu na kuniambia, "Mpelekee mzee, apone." Ningeweza kuitupa mtoni. Njia nzima nilikuwa naufikiria mto. Lakini wachunaji wawili walikuwa wanatembea nami, na niliona haya. Nawaambieni, nilimlisha mwalimu wangu kibudu kwa sababu ya haya mbele ya wachunaji wawili.

Bi Halima, mkewe, aliipokea akafurahi. Mzee hakuwa ametia kitu tumboni siku nne. Kesho yake Bi Halima aliniambia kwamba amekula, ameomba aongezewe, na ameniombea dua.

Daftari langu la siku ile limeandikwa hivi: "Ng'ombe kumi na moja. Mvua jioni." Basi. Nimeliweka mbele yangu ninapoandika haya. Mtu anadhani daftari lake litamshuhudia, kumbe daftari huandika atakacho mwenyewe.

Nilitubu, kama nilivyopanga. Nilinunua tasbihi mpya. Astaghfirullahi mia asubuhi, mia jioni, ushanga baada ya ushanga, na nikimaliza mia najisikia mwepesi kama aliyetua gunia la ndizi. Siku nyingine nilikuwa nachinja huku natabasamu. Nimeona wengi wenye toba ya namna hii tangu siku zile, wa dini zote. Wanamfanya Mungu karani wa muhuri. Wanapita dirishani, wanapigiwa muhuri, wanakwenda zao. Mtu waliyemuumiza amesimama nje kwenye mvua, wala hawajamwona.

Kilichonivunja ni kusifiwa. Mwezi wa pili kifua cha mzee kilianza kulegea. Nilikwenda kumtazama nikawakuta wazee wawili wa msikitini wameketi mkekani. Farajala akawaambia, mimi nasikia, kwamba yeye hata akifa leo hana wasiwasi na nyama ya mji huu, kwa sababu Yusufu anachinja kama yeye. Wazee wakanitazama kwa upole. Nilitoka nje nikangoja kando ya kibanda cha kuku.

Wageni walipoondoka nilirudi ndani nikamweleza yote, jicho, mkia, Onchari, Bismillahi, shingo. Alisikiliza amefumba macho. Akamwita Bi Halima amletee maji, akanywa, akarudisha kikombe.

"Kwa hiyo ulinilisha kibudu."

"Nilikulisha, mzee."

"Mimi sikujua. Langu na Mungu lilikwisha kabla hujaja hapa. Wewe lako umeliombea?"

"Kila siku, mzee. Mia asubuhi, mia jioni."

"Kama umejuta kweli na umeacha, amekusamehe. Unadhani ni kazi ngumu kwake? Ndivyo alivyo. Hachoki, wala hapungukiwi."

Nilianza kulia kwa furaha. Nikamshika mkono niubusu. Akauvuta.

"Ngoja. Yeye ni Ghafuru. Mimi ni Farajala. Na wale wa Nyakoe ni wa Nyakoe."

Halafu akanieleza, kwa sauti ndogo kwa ajili ya kifua, jambo ambalo nilipaswa kulijua. Toba ina mambo matatu kati yako na Mola: uache, ujute, uazimie usirudie. Kukiwa na haki ya mtu, kuna la nne, na hilo la nne Mungu amelikabidhi kwa mwenye haki. Hatamnyang'anya mnyonge haki yake ili akupe wewe raha. Msamaha wa namna hiyo ungekuwa dhuluma, na dhuluma si sifa yake. Nilimwambia mzee kwamba Onchari atanimaliza.

"Kwa nini? Mwenye kisu si wewe?"

Nilikwenda Nyakoe siku ya soko, nikasimama mbele ya bucha, nikasema kwa Kikisii, maana Kiswahili kingenipa pa kujificha. Nilisema fahali wa siku fulani alikuwa kibudu na mimi nilimkata nikijua. Wengine walicheka wakidhani nimelewa. Mzee mmoja asiye na meno aliuliza kama imebaki, kwa sababu yeye aliiona laini. Halafu ikaeleweka, na akina mama wakaanza. Sitaandika waliyosema. Wasabato hawali kibudu kama sisi Waislamu tusivyokula, na hata Mkatoliki hapendi kudanganywa.

Mama Kemunto hakupiga kelele. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwavuli mweusi mvua na jua. Alikuja karibu.

"Ulijua imekufa?"

"Nilijua."

"Ulijua ni ya wakwe zangu?"

"Onchari aliniambia."

Akachukua kikapu chake, akaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa mgongo wa mwanamke sikuwa nimejiandaa.

Onchari alinifuata mpaka kwenye kituo cha magari, bila kichekesho chochote. Aliniambia kwamba yeye ameshasali, amelia kwa magoti, amesamehewa, na mimi ni nani nifungue kesi ambayo Mungu ameifunga. Nilimdharau sana dakika ile. Lakini nikiwa mkweli, pengine machozi yake yalikuwa mengi kuliko shanga zangu. Mlango huo simfungii, si wangu. Ninachojua ni kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyetafuna nyama ile ambaye Onchari alimwambia neno, na aliendelea kuwapigia vichekesho huku akiwapimia. Kama huo ni msamaha, basi uchukueni, mimi siutaki.

Mjini nako baadhi ya Waislamu wenzangu walinilaumu kwa upande wa pili. Walisema Mungu alikuwa amenifunikia aibu yangu, kwa nini nimejifunua? Walikuwa na hoja, nami nilitetereka, ndiyo tabia yangu. Nikamwuliza Farajala. Akasema dhambi ya mtu na Mola wake hufunikwa, sawa, lakini nyama iliyokwisha kuingia matumboni mwa watu utaifunika na nini?

Kuanzia hapo hakuna aliyetaka kisu changu. Mnunuzi anauliza, "Nani amechinja?" Akisikia ni yule wa Nyakoe, anapita. Mabucha yakalalamika, na mchinjaji mwingine hakuwapo. Basi Mzee Farajala akainuka kitandani. Alikuja machinjioni ameshikwa makwapa na watu wawili, akakalishwa kwenye kigoda, akakata akiwa ameketi, ng'ombe baada ya ng'ombe, akikohoa katikati. Mimi nilishika miguu ya wanyama. Mgonjwa ametolewa kitandani na uongo wangu, na kila alipokohoa nilisikia. Hakunitukana hata mara moja, naye alikuwa fundi wa matusi.

Ilikuwa hivyo wiki sita. Halafu Ijumaa moja, asubuhi, wakati tunawakatia Wasabato nyama ya kuwahi kabla jua halijazama na Sabato kuingia, mwavuli mweusi ukaingia langoni. Mama Kemunto alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Nyakoe. Alimsalimu mzee vizuri, akaomba ruhusa, akaniambia kwa Kikisii:

"Mwana wa Moraa, nilikusamehe Sabato iliyopita, kwa magoti. Leo ni Ijumaa. Nimekuja kutazama."

Farajala hakuelewa Kikisii cha haraka, ikabidi nimtafsirie. Alimtazama yule mama. Kisha akanipa kisu.

Fahali alikuwa ameshalazwa. Mama Kemunto alikunja mwavuli, akainama, akagusa jicho la mnyama kwa ncha ya kidole, polepole, kama aliyeifanya kazi hiyo miaka. Jicho likapepesa. "Haya," alisema, akarudi ukutani. Nikakata. Kisu kilikuwa kikali, kikapita mara moja. Siku ile ile soko la Nyakoe lilisikia kwamba Mama Kemunto amemwona fahali akipepesa kwa macho yake. Akina mama watatu wakanunua.

Ijumaa iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Wenye mabucha walimpa jina, Mkaguzi wa Sabato, na mmoja alimwuliza, ikiwa amemsamehe mtu, kwa nini anamchunga kama mwizi. Alimjibu kwamba amemsamehe Yusufu, hajamsamehe fahali asiyepepesa. Farajala alipotafsiriwa alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akaniambia, "Mwanamke huyu anaijua dini. Wewe ulitaka mtu akikusamehe awe kipofu pia." Wenye dharau kama mimi tunapaswa kusema pia tulipofundishwa, basi naandika: hilo nilifundishwa na Msabato mwenye mwavuli.

Alikuja mpaka mvua za masika zilipoisha. Mbwa wa machinjioni walimzoea. Alizoea kuniambia makosa yangu: nimemfunga mnyama kamba fupi, nimeacha ndoo ya damu mbele ya yule anayefuata. Mengi alikuwa sawa. Mawili hivi alikuwa anakosea, nami sikubishana.

Halafu Ijumaa moja hakuja. Fahali amelazwa, miguu imefungwa, kisu nimekishika. Nikatazama lango. Nikatazama ukutani pale anaposimama. Nilianza kuhesabu: ni mgonjwa? Amechoka nami? Au ndiyo kusema kwamba sasa kumekwisha, kwamba nimeaminiwa? Na kama nimeaminiwa, je, ninastahili, na mzee naye je, amenisamehe, mbona hajawahi kulisema, na kule juu je, ni kweli? Nilikuwa nimesimama hivyo, na yote hayo yananizunguka kichwani, wakati sauti ya Farajala ilipotoka kwenye kigoda nyuma yangu.

"Yusufu, umeanza tena kujifikiria. Mnyama yuko chini, anaumia."

Nikainama, nikagusa jicho, nikakata.